Pembeni mwa Uwanja: Mama Bandeji Anajibu Barua Zenu

Msimu ukifika katikati, barua huja na matope. Mmoja wenu mwezi huu ameandika nyuma ya karatasi ya kupangia kikosi, na alama ya kiatu cha njumu imepita juu ya jina la kipa. Nimezisoma zote. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, si daktari, na kwa miaka 22 nimekalia kiti cha plastiki pembeni mwa viwanja vya shule, begi miguuni, ndoo ya maji upande wa kulia. Jina la Mama Bandeji nilipewa na wanafunzi. Sijawahi kulikataa.

*Mama Bandeji, mwanangu ana miaka 16, ni beki wa kati. Jumatano aligongana vichwa na mshambuliaji wakiwania mpira wa juu. Hakuzimia. Alikaa chini kidogo, akanywa maji, akacheza hadi mwisho. Jioni akasema kichwa kinamuuma na taa zinamchoma macho, akalala mapema. Leo Ijumaa anasema yuko sawa, ila mama yake anaona amekuwa mkali bila sababu. Fainali ni Jumapili. Kocha ameniambia, "Mzee, uamuzi ni wako." Nifanyeje?*
*Baba wa beki*

Baba, fainali hachezi. Nimelitanguliza jibu kwa sababu ndilo ulilolitafuta, na najua ungependa liwe jingine.

Huo ni mtikisiko wa ubongo mpaka daktari aseme sivyo. Neno "hakuzimia" limewaponza wengi. Takriban tisa kati ya kila kumi wanaopata mtikisiko hawapotezi fahamu hata kidogo. Dalili ni zilezile ulizoziandika bila kujua kwamba unaziandika: kichwa kuuma, mwanga kuchoma macho, usingizi usio wa kawaida, hasira isiyo na chanzo. Mama yake ameona vizuri kuliko sisi wote. Anayeishi na mtoto hugundua mabadiliko ambayo mimi, ninayemwona akiwa na jezi tu, hayanifikii. Na mkienda hospitali mkaambiwa picha ya kichwa ni safi, msishangilie bado. Picha ile hutafuta damu iliyovuja na fuvu lililopasuka. Mtikisiko huvuruga utendaji wa seli za ubongo, kwa hiyo picha inaweza kuwa safi kabisa na mtoto akawa mgonjwa.

Nikuambie kosa langu. Mwaka wangu wa tatu au wa nne katika kazi hii, kiungo mmoja alipigwa kiwiko juu ya sikio. Nilimwendea na maswali tunayofundishwa: tuko uwanja gani, kipindi cha ngapi, nani kafunga la mwisho, mechi iliyopita mlicheza na nani. Alijibu yote, tena upesi, mpaka nikafurahi. Nikamrudisha. Dakika kumi baadaye akaja mstarini kuniuliza kipindi cha ngapi. Nikamjibu. Akaja tena na swali lilelile. Mara ya tatu ndipo nilipomtoa, na usiku ule ndipo nilipopata habari kamili: rafiki yake alikuwa amechuchumaa nyuma yangu akimnong'oneza majibu. Kijana alipona, lakini ilimchukua wiki tano, na mwalimu wake wa hisabati aliniambia kwamba kwa muda mrefu alikuwa akinakili mstari mmoja wa ubaoni mara mbili. Tangu siku hiyo mtoto anayejibu upesi hunitia hofu. Maswali namuuliza nikiwa nimemtenga na wenzake, na hata akipata yote, nikishashuku, siku ile harudi.

Unaweza kuuliza, kwa nini tusisubiri tuone? Kwa sababu ubongo wa kijana ambao haujapona ukipata pigo la pili unaweza kuvimba ghafla, na uvimbe huo huua au hulemaza. Ni jambo la nadra, lakini wengi linaowapata ni vijana wa umri wa mwanao. Mwaka 2006, katika jimbo la Washington nchini Marekani, mvulana wa miaka 13 aitwaye Zackery Lystedt aligonga kichwa chini katika mechi ya shule ya futiboli ya Kimarekani. Alipumzishwa kidogo, kisha akarudishwa uwanjani. Baada ya mechi alianguka, damu imevuja ndani ya fuvu. Alinusurika, akabaki na ulemavu mkubwa. Mwaka 2009 jimbo hilo lilipitisha sheria yenye jina lake: mwanafunzi anayeshukiwa tu kuwa na mtikisiko atolewe, na asirudi mpaka apate kibali cha maandishi cha mtaalamu wa afya aliyefunzwa jambo hilo. Kufikia 2014 majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria za namna hiyo.

Neno "maandishi" hapo halikuwekwa kwa bahati. Kocha wako amekutupia mzigo usio wako. Yeye ana kombe, wewe una fahari ya mwanao, na mwanao ana jina la kulinda mbele ya wenzake. Katika ninyi watatu hakuna hata mmoja asiyetaka kijana acheze Jumapili. Uamuzi lazima utoke kwa mtu ambaye matokeo ya mechi hayampunguzii wala kumwongezea kitu. Mpeleke kwa daktari, na jibu lije kwenye karatasi, ili kocha akikupigia simu usiku wa Jumamosi uwe na kitu cha kumsomea.

Sasa ratiba. Siku moja au mbili za mwanzo apumzike, lakini asifungiwe chumba cha giza kama tulivyokuwa tukiwafanyia zamani. Atembee nyumbani, afanye shughuli ndogo, simu na televisheni zipungue sana. Kisha shule kwanza, uwanja baadaye. Asiyeweza kukaa darasani kipindi kizima hana la kufanya mazoezini. Baada ya hapo ni ngazi kwa ngazi, kila ngazi saa 24 au zaidi: mwendo mwepesi wa kumpandisha mapigo ya moyo, kisha mbio na mpira akiwa peke yake, kisha mazoezi na wenzake bila kugusana, kisha mazoezi kamili, mwisho mechi. Kabla ya kuingia kwenye mazoezi yenye hatari ya kugongwa, dalili ziwe zimekwisha na kibali kiwe mkononi. Dalili zikizidi njiani, anarudi ngazi moja nyuma. Vijana wengi hupona ndani ya mwezi.

Usisubiri ratiba yoyote akitapika mara kwa mara, akipata degedege, maumivu ya kichwa yakizidi badala ya kupungua, mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu ukilegea, au akiwa mgumu kuamshwa. Hapo ni hospitali, saa hiyohiyo.

*Shikamoo Mama Bandeji. Nina miaka 14, nacheza mpira wa kikapu. Chini ya goti la kulia pametokea nundu ngumu, nikipiga magoti nalia. Ninaporuka inauma, nikipumzika inatulia. Rafiki yangu amesoma kwenye simu akasema ni saratani. Sijamwambia mtu nyumbani.*
*Mwenye nundu*

Marahaba mwanangu. Mwambie mtu nyumbani leo, na umwombe rafiki yako akurudishie usingizi wako.

Ulivyoieleza, inafanana sana na kitu ninachokiona kila msimu. Umri wako mifupa hurefuka upesi. Kano nene inayotoka kwenye kifuniko cha goti hushika mfupa wa muundi mahali ambapo bado ni laini, kwa sababu ndipo mfupa unapokulia. Kila unaporuka, msuli mkubwa wa paja huivuta kano, kano nayo huuvuta mfupa. Mfupa unachokozeka, unauma, na unajijengea nundu. Madaktari wawili, Osgood wa Marekani na Schlatter wa Uswisi, waliueleza ugonjwa huu mwaka mmoja, 1903, kila mtu kwake, ndiyo maana unabeba majina yao yote mawili. Huisha sehemu hiyo ya mfupa inapokomaa. Nundu yenyewe inaweza kubaki. Mimi ninayo, goti la kushoto, na imenisaidia kuwatuliza watoto wengi.

Kuacha mchezo kabisa si lazima. Punguza kuruka kwa wiki kadhaa, imarisha misuli ya paja na nyonga taratibu, na tumia kipimo hiki: maumivu madogo yanayoisha kabla ya kesho asubuhi yanavumilika, ila yakikufanya uchechemee, siku hiyo imekwisha.

Pamoja na hayo, nataka uonwe na daktari, na nitakuambia kwa nini. Maumivu yanayokuamsha usiku, homa, au goti linalouma hata ukiwa umelala si ya aina hii. Na kuna jambo linalowapita hata watu wazima: goti la kijana linaweza kuuma huku ugonjwa uko kwenye nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza kwenye sehemu yake ya ukuaji, na mtoto akashika goti kwa sababu maumivu husafiri. Kijana anayechechemea na kulalamikia goti, nyonga yake ichunguzwe vilevile. Nilijifunza hilo kwa mtoto niliyemkanda goti wiki mbili kabla ya mtu mwenye akili zaidi yangu kumwinua mguu na kuuzungusha. Ilibidi afanyiwe upasuaji siku iliyofuata.

*Mama, nafundisha soka timu ya wasichana wa sekondari. Msimu huu wawili wamechanika kano ya ndani ya goti, ile ya ACL, wote bila kuguswa na mtu. Mmoja alikuwa anageuka, mwingine alitua baada ya kupiga kichwa. Wazazi wameanza kusema mpira si mchezo wa wasichana. Nimeishiwa maneno.*
*Kocha wa wasichana*

Kocha, maneno yapo, na dawa yake ipo kwenye dakika 20 za mwanzo wa mazoezi yako.

Kwanza, hao wazazi wameona kitu cha kweli wakakipa tafsiri mbovu. Ni kweli kwamba msichana anayecheza michezo ya kukimbia, kusimama na kugeuka yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuchanika kano hiyo kuliko mvulana wa mchezo uleule. Makadirio mengi yanasema mara mbili au zaidi. Na ni kweli kwamba wengi huchanika bila kuguswa. Lakini hilo la pili ndilo habari njema! Kiwiko cha mpinzani huwezi kukifundisha. Namna mchezaji wako anavyotua unaweza.

Kesho fanya hivi. Weka benchi la urefu wa goti, kila msichana apande na kuruka kutoka hapo mara tatu nawe ukiwa mbele yake. Usitazame uso, tazama magoti. Yakiingia ndani yakakaribiana anapotua, huyo ndiye wa kwanza kwenye orodha yako. Unamtaka atue kimya, magoti yamekunjika, kila goti juu ya kidole chake cha pili cha mguu. Nasema "kimya" makusudi: wasikilize wakitua ukiwa umefumba macho na utawajua wenye shida kwa kishindo.

Kisha tupa ule mzunguko wenu wa kukimbia uwanja mara tatu na kujinyoosha mkipiga soga. Kuna programu ya kupasha mwili iliyobuniwa kwa watu kama ninyi, inaitwa FIFA 11+. Ina mazoezi 15 katika sehemu tatu: kama dakika nane za kukimbia kwa namna mbalimbali, dakika kumi za nguvu, kuruka na kusimama kwa mguu mmoja, na dakika mbili za mbio za kasi na kubadili mwelekeo. Haihitaji kifaa zaidi ya mpira na koni. Ilipojaribiwa Norwe kwa wachezaji wasichana wa miaka 13 hadi 17, matokeo yaliyochapishwa 2008 yalionyesha majeraha yamepungua kwa takriban theluthi, na makubwa zaidi ya hapo. Siri haina mvuto: ifanywe kila mazoezi, mwaka mzima, na mtu awasahihishe magoti. Ninaowaona wakiifanya mara moja kwa wiki, kwa uvivu, huku kocha yuko kwenye simu, huniuliza baadaye kwa nini haifanyi kazi.

Kuhusu wale wawili. Kama wamefanyiwa upasuaji wa kuwekewa kano mpya, usikubali tarehe ya kurudi iliyo chini ya miezi tisa. Hata miezi tisa ikifika, tarehe peke yake haitoshi. Mguu uliopasuliwa uwe na angalau asilimia 90 ya nguvu za mwenzake, aruke kwa mguu mmoja umbali unaokaribiana kwa miguu yote miwili, na, hili hawalipimi wengi, awe haogopi. Nimemwona mchezaji akipita vipimo vyote vya nguvu kisha kila mpira unapomjia anarudi nyuma nusu hatua. Huyo hajarudi bado. Mtafutie kazi timuni: apige takwimu, aongoze upashaji mwili, abebe begi langu. Anayekaa nyumbani miezi tisa huwa anarudi akiwa mgeni.

*Binti yangu, miaka 17, anakimbia mita 3,000. Hedhi yake imekatika miezi mitano. Mwalimu wake anasema ni dalili kwamba mwili umeiva kwa mashindano. Amepungua uzito na muda wake umekuwa mzuri. Sasa anaumwa mguu, juu ya kifundo, kwenye mfupa. Nina wasiwasi au najisumbua?*
*Mama wa mkimbiaji*

Dada yangu, hujisumbui. Kauli ya mwalimu huyo nimeisikia kwa makocha wengi na bado inanipandisha hasira.

Hedhi kukatika miezi mitatu au zaidi ni mwili kuzima taa za vyumba visivyo vya lazima kwa sababu mafuta ya jenereta hayatoshi. Anakula pungufu ya anachotumia, labda kwa makusudi, labda hajui tu kwamba mkimbiaji anahitaji kiasi hicho. Homoni zinashuka, na zikishuka mfupa haujengeki. Umri huu ndio wa kuweka akiba ya mfupa. Sehemu kubwa ya mfupa atakaoutumia maisha yake yote huwekwa kabla ya kumaliza ujana. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina rasmi mwaka 2014, na ikasema wazi kwamba wavulana nao huipata, ingawa wao hawana kalenda ya kuwatahadharisha.

Muda mzuri wa sasa usikudanganye. Mkimbiaji aliyepungua uzito huenda kasi kwa miezi michache, kisha huanza kuvunjika. Na maumivu ya sehemu moja kwenye mfupa, kwa msichana asiyeona hedhi, nayachukua kuwa ni ufa wa mfupa mpaka nithibitishiwe vinginevyo. Asikimbie hata mita moja kabla ya kuonwa. Ufa wa namna hiyo unaweza usionekane kwenye eksirei wiki za mwanzo, kwa hiyo "eksirei haina kitu" isiwapeleke uwanjani. Daktari atapima pia sababu nyingine za hedhi kukatika, ikiwemo ujauzito na matatizo ya tezi. Mwandae binti asione anashutumiwa.

Nyumbani, acheni kabisa kuzungumzia mizani. Ongezeni chakula, hasa ndani ya saa moja baada ya mazoezi. Na mwalimu mwambie wewe mwenyewe, kwa upole, kwamba kuanzia sasa ratiba ya mbio inasubiri barua ya daktari. Akikasirika, mwambie Mama Bandeji ndiye aliyekutuma.

*Mama, dawa gani nzuri ya kunywa kabla ya mechi ili nyonga isiume? Wenzangu wanatumia diklofenaki.*
*Winga*

Hakuna. Maumivu ni filimbi. Ukiziba masikio mchezo haujasimama, ni wewe tu usiyesikia. Tena dawa za kundi hilo zikikutana na joto na mwili uliopungukiwa maji huzibana figo. Njoo, au nenda kwa mwenzangu yeyote aliye karibu nawe, tuitazame hiyo nyonga siku isiyo ya mechi.

*Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ambayo haina daktari, haina muuguzi, haina hata chumba cha huduma ya kwanza. Nina wachezaji zaidi ya mia. Nianzie wapi?*
*Mwalimu peke yake*

Mwalimu, karatasi yako ndiyo iliyokuwa na alama ya kiatu, nami nimeipenda kuliko zote.

Anza na vinavyoua, kwa sababu ni vichache. Kichwa nimeshakieleza. Viwili vilivyobaki ni moyo na joto.

Moyo. Mchezaji akianguka bila kuguswa na mtu, haitikii, na hapumui kawaida, moyo wake umesimama mpaka ithibitike vinginevyo. Usidanganywe na mtikisiko wa mikono na miguu ukadhani ni kifafa, wala na pumzi za kukoroma ukadhani anapumua. Tarehe 26 Juni 2003, mjini Lyon, Marc-Vivien Foé wa Kamerun alianguka katikati ya uwanja, hakuna aliyekuwa karibu naye, alifariki. Tarehe 12 Juni 2021, mjini Copenhagen, Christian Eriksen wa Denmark alianguka vivyo hivyo karibu na mstari wa pembeni. Walianza kumkandamiza kifua mara moja, wakamshtua moyo kwa mashine, na leo anaishi, tena alirudi kucheza. Bila mashine hiyo, nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia saba hadi kumi kila dakika inayopita. Kama shule inaweza kununua kitu kimoja tu kikubwa, kiwe hicho, na kisifungiwe ofisini kwa mkuu wa shule. Kama haiwezi, mikono mnayo: katikati ya kifua, kina cha sentimita tano hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike. Wafundishe wachezaji wenyewe. Watoto wa miaka 14 hujifunza upesi kuliko walimu.

Joto. Mtoto anayekimbia kwenye jua kali akianza kuongea visivyoeleweka, kuyumba, kugombana na watu au kuzimia, mwili wake umechemka. Joto la ndani likipita nyuzi 40 viungo huanza kuharibika. Usingoje aache kutoka jasho. Wengi wa wanaopata kiharusi hiki cha joto mazoezini bado wanatiririka jasho. Poza kwanza, safirisha baadaye. Mtumbukize kwenye beseni kubwa la maji ya barafu hadi shingoni, mtu mmoja amshike kichwa. Huna beseni? Turubai linatosha: mlaze katikati, wanafunzi sita washike pembe na kingo wazinyanyue, mwage maji na barafu ndani, mlitikise. Lengo ni joto lishuke ndani ya nusu saa. Mwaka 2001 Korey Stringer, mchezaji mkubwa wa futiboli ya Kimarekani, alikufa kwa kiharusi cha joto baada ya mazoezi, na taasisi iliyoanzishwa kwa jina lake imekuwa ikihubiri hilo la kupoza kwanza tangu 2010. Ila bora yasifike huko: wanaorudi kutoka likizo wapandishiwe mazoezi kidogo kidogo kwa siku 10 hadi 14, maji yawepo muda wote, na kukimbia kusiwe adhabu. Nasema tena, kusiwe adhabu. Waulize pia wazazi mwanzoni mwa msimu kuhusu vinasaba vya selimundu, pumu, na ndugu yeyote aliyekufa ghafla akiwa kijana. Maswali hayo matatu yameniambia mengi kuliko vipimo vingi.

Halafu kaa na karatasi moja. Andika nani anapiga simu, nani anakaa na majeruhi, nani anakimbilia getini kuelekeza gari, na nani ana ufunguo wa geti hilo. Usicheke. Siku moja gari la wagonjwa lilisimama nje ya shule fulani dakika saba huku mwenye ufunguo yuko uwanjani akimpepea majeruhi.

Vifundo vya miguu vitakusumbua kila wiki lakini havitakuua. Asiyeweza kutembea hatua nne, au anayelia ukibonyeza mfupa nyuma ya kifundo, apigwe picha. Waliobaki wafungwe bandeji, waanze kuukanyaga mapema kadiri wanavyovumilia, wasimame kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki. Barafu? Begini mwangu bado ipo, kwa kutuliza maumivu tu. Daktari Gabe Mirkin, aliyeieneza mwaka 1978 pamoja na kupumzisha na kuinua mguu, alikuja kuandika mwenyewe kwamba huenda inachelewesha kupona. Nilipata taabu kulikubali hilo. Nilikuwa nimebeba barafu miaka mingi.

*Mama Bandeji, kipa wetu aling'oka jino la mbele Jumamosi, tukalifunga kwenye karatasi, daktari wa meno akasema tumechelewa. Tulipaswa kufanya nini?*
*Nahodha*

Nahodha, shika jino upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Kama limechafuka, lisuuze kidogo tu, usilisugue. Kama ni jino la ukubwani, lirudishe kwenye tundu lake palepale, aume kitambaa safi kulishikilia. Akishindwa, liweke kwenye maziwa. Karatasi hulikausha, na likikauka seli za mzizi hufa. Mko na dakika 30, saa moja kwa bahati. Na vilinda meno, mbona kikosi kizima mna vilinda ugoko tu?